Msumari wa Kumi na Saba

Saa nne na dakika arobaini na sekunde mbili asubuhi, siku ya Alhamisi, programu iliyokuwa ikiandika uzito wa magunia ya ufuta katika ghala la chama chetu cha ushirika iliuawa. Nasema iliuawa, sisemi ilizimika, kwa sababu ushahidi ninao. Wapagazi walikuwa wanakunywa chai. Waliporudi, mizani iliendelea kuonyesha tarakimu zake nyekundu kama kawaida, magunia yakapanda na kushuka, wakulima wakasoma kilo zao kwa sauti na kufurahi. Hakuna hata kilo moja iliyoandikwa. Tuligundua saa saba kasoro robo, magunia sabini na moja yakiwa yameshamwagwa kwenye rundo la pamoja, ambako ufuta wa mtu hauwezi tena kutenganishwa na wa jirani yake.

Kufikia Jumatatu nilikuwa nimetangazwa mzembe mbele ya wanachama wote, na aliyenitangaza ni mtu aliyenifundisha karibu kila nilichokijua wakati ule. Ndiye ninayemwandika hapa. Jina lake silitaji. Tulimwita Mwalimu, kwa kuwa alisomesha hisabati kabla ya kustaafu na kuwa karani mkuu wa ghala. Niseme mapema ili msomaji asije akanilaumu baadaye: siandiki kwa mapenzi. Nataka jina langu lisafishwe mbele ya wanachama walewale, kwa neno la mtu yuleyule. Miaka sita sikutaka kingine.

Nianze na ubao wake, maana huwezi kumwelewa mtu yule bila ubao.

Ulikuwa umepigiliwa ukutani nyuma ya meza yake, mbao tatu za mninga zilizounganishwa, na misumari mia mbili na arobaini: safu kumi na tano, kila safu misumari kumi na sita. Kila mwanachama alikuwa na kibao cha bati kilichokatwa kwenye debe la mafuta ya kula, namba ikiwa imegongwa kwa ncha ya msumari. Ukileta ufuta, unachukua kibao chako msumarini, unakitundika kwenye gunia, na baada ya kupima unakirudisha. Mwanachama mpya hakuchagua. Alipewa namba ndogo kuliko zote iliyokuwa wazi siku hiyo, basi.

Mwenyekiti mmoja aliwahi kutaka mia moja. Aliona inapendeza.

“Leo iliyo wazi ni sitini na tatu,” Mwalimu akamwambia, bila kuinua macho.

“Mwalimu, mimi ndiye mwenyekiti.”

“Naam, Sitini na Tatu.”

“Yaani mia moja ipo pale, inaning’inia, haina mtu, na mimi nimesimama hapa?”

“Utaipata watakapojaa mpaka tisini na tisa. Lete watu thelathini na sita, nitakupa kwa mikono miwili.”

Watu walicheka mpaka nje. Mwenyekiti alibaki Sitini na Tatu hadi anaondoka madarakani.

Hakutuita kwa majina. Ukimwambia “Shikamoo, Mwalimu,” alikujibu “Marahaba, Kumi na Saba,” au namba yako yoyote. Mimi ndiye niliyekuwa Kumi na Saba. Wengine waliona ni dharau. Mimi, Mungu anisamehe, niliona ni heshima, kwa sababu hakuwahi kukosea. Alijua Mia na Nne ana mguu mbovu na apimiwe kwanza, alijua Tisa hawezi kusoma lakini hataki ijulikane, kwa hiyo alimsomea stakabadhi yake kwa sauti ya kukohoakohoa, kama mtu anayejisomea mwenyewe. Kila mwezi wa Ramadhani alipeleka sukari kwa wajane watano na kuwakataza wasimtaje. Nayaandika haya kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu nataka ieleweke kwamba mtu aliyenitenda vile hakuwa mjinga wala hakuwa katili wa kuzaliwa. Mjinga ningemsamehe.

Alikuwa na maneno yake. “Namba haina ukoo,” alisema kila mtu alipoleta jina la babu yake kutafuta upendeleo. Lingine alinirushia mimi mara nyingi kuliko wote: “Usiniambie unadhani. Niambie umehesabu.” Chaki alitembea nayo mfukoni mwa shati, na shati lake upande wa kushoto daima lilikuwa na doa jeupe mahali pa moyo. Hakuruhusu mtu aliyekula samaki aguse kompyuta mpaka anawe kwa sabuni. Kalamu nyekundu aliazima kwangu miaka minne bila kurudisha, lakini senti ya chama haikuwahi kupotea mikononi mwake.

Mwanachama akifariki, Mwalimu hakukiondoa kibao chake. Alikigeuza, namba ikaangalia ukuta, na kikakaa hivyo mpaka mjane amalize eda: miezi minne na siku kumi. Katika muda huo hakuna aliyepewa namba ile, hata kama ndiyo ilikuwa ndogo kuliko zote. Nakumbuka kibao cha Hamsini na Mbili. Mtu wa Kikole alikuja kujiunga, akaona kimegeuzwa, akasema nipe hicho, mwenyewe si ameshazikwa?

“Mwenyewe amezikwa,” Mwalimu akajibu. “Magunia yake hayajazikwa. Bado yako kwenye rundo yanaitwa Hamsini na Mbili. Nikikupa leo, hela ya mnada ikija itamfuata nani?”

Kwa wanachama Wakristo, wale wa milimani, alihesabu siku zilezile. Padri alipomuuliza sababu, alimwambia msumari haujabatizwa wala haujasilimu, unataka muda tu.

Huo ndio uliokuwa utaratibu wake bora kuliko yote. Msomaji aushike, kwa sababu ndio alioutupa siku alipokutana na mimi.

Jambo la vizibo ndilo lililonifungua akili. Mwisho wa kila safu ya misumari alitundika kizibo cha soda. Safu ikijaa, aligeuza kizibo upande mwekundu. Ikiwa na pengo hata moja, upande wa bati. Mwanachama mpya akija, Mwalimu hakutafuta msumari kwa msumari. Aliangalia vizibo kumi na vitano, akaruka vyekundu vyote, akaenda moja kwa moja kwenye safu ya kwanza yenye bati. Kazi ya macho mia mbili na arobaini aliifanya kwa macho thelathini na moja, kwa hesabu ya juu kabisa.

Chama kiliponunua kompyuta ndipo aliponichukua niwe msaidizi. Nilikuwa na kidato cha nne na kiu. Kila mchana baada ya adhuhuri alinikalisha mbele ya ubao ule wa mninga, si mbele ya kompyuta, akanieleza kompyuta.

“Ndani ya mfumo endeshi,” alisema, “kuna sehemu iitwayo kiini. Kiini ndiye karani. Programu yoyote ikianza, kiini kinaipa namba nzima. Ikifa, namba inarudi. Jina lako hakilijui.”

“Kama wewe, Mwalimu.”

“Mimi nalijua. Silitumii.”

Alinifundisha kwamba ukitaka programu isimame, hutaji jina lake, unataja namba yake, na kiini kinatii. Alinifundisha pia kwamba kiini kina njia mbili za kugawa. Kwa mafaili yaliyofunguliwa kinatoa namba ndogo kuliko zote iliyo wazi, kama ubao wake. Kwa programu kinakwenda mbele tu, namba baada ya namba, mpaka kifike mwisho, ambao kwenye mashine yetu ulikuwa chini kidogo ya elfu thelathini na tatu. Kisha kinarudi chini, kwenye mia tatu, na kuanza kuokota zilizoachwa.

“Kwa nini kisiokote hapohapo?” niliuliza.

Aliangalia kibao kilichokuwa kimegeuzwa ukutani. “Eda,” alisema. “Kuna mtu mahali bado ameishika namba ile kichwani. Mpe muda asikie msiba.”

Sijawahi kusikia jambo hilo likielezwa vizuri zaidi, na nimesoma mengi tangu hapo.

Sasa kosa. Nitalieleza polepole, kwa sababu Jumatatu ile hakuna aliyenipa nafasi, na hata ningepewa nisingeweza.

Programu ya kuchapa stakabadhi ilikuwa na tabia ya kukwama. Mwalimu akaiandikia dawa, amri ya mistari minne iliyojiendesha yenyewe kila siku saa nne na dakika arobaini, wakati wa chai. Amri ilisema: soma namba iliyoandikwa kwenye faili hili, iue programu yenye namba hiyo, washa programu ya stakabadhi upya, andika namba yake mpya. Haikuuliza aliye na namba hiyo sasa ni nani.

Alhamisi ile programu ya stakabadhi iliwashwa saa moja na dakika mbili asubuhi ikapewa namba 1127. Saa moja na nusu ilikufa yenyewe. Hatukujua, kwa kuwa stakabadhi zilichapwa kwa mafungu baada ya chai. Namba 1127 ikabaki kwenye faili, kama jina la marehemu kwenye daftari la mahudhurio. Wakati huohuo mizani ilisomwa kila sekunde, na kila usomaji uliamsha programu ndogo tatu, ambazo zilizaliwa na kufa papo hapo, kila moja ikichukua namba. Tatu kwa sekunde. Piga hesabu: kiini kilimaliza namba zote na kurudi pale pale katika muda wa saa tatu na kama nusu dakika. Eda yote ya mashine ile ilikuwa saa tatu.

Saa nne na dakika tatu niliona programu ya mizani inachelewa. Nikaizima, nikaiwasha upya, kama nilivyofundishwa. Kiini kikaipa namba iliyokuwa zamu yake. 1127.

Saa nne na dakika arobaini amri ya Mwalimu iliamka, ikasoma 1127, ikaua.

Siku nyingi kabla ya hapo amri ile ilikuwa imepiga hewa au imeua kilichostahili. Bahati ilimbeba miaka mitatu. Mtu aliyekataa kumpa aliye hai kibao cha maiti kabla ya eda kwisha aliandika kwa mkono wake mistari minne isiyojua kwamba namba inaweza kuwa imebadilisha mwenyewe.

Alhamisi hiyo alasiri alijifungia na kompyuta peke yake kwa muda wa saa nzima. Alipotoka kwenda kuswali, mimi niliingia nikanakili kumbukumbu zote za mashine kwenye flashi. Nilifanya kwa mazoea tu, sikuwa na akili ya kuzisoma.

Mkutano wa Jumatatu ulikuwa mfupi. Alisimama na chaki mfukoni.

“Asubuhi ile nani aligusa programu ya mizani?”

“Mimi, Mwalimu.”

“Uliizima?”

“Niliizima nikaiwasha.”

“Kuna mwingine aliyeigusa?”

“Sidhani.”

“Usiniambie unadhani.”

“Hakuna mwingine.”

“Basi,” akasema, akaketi.

Mama mmoja, Themanini, akapaza sauti kutoka nyuma, “Kumbe mashine inakula ufuta kuliko panya! Na panya mwenyewe tunamlipa mshahara!” Walicheka. Naikumbuka sauti ya kicheko kile kuliko ninavyokumbuka hukumu. Nilitozwa faini, nilifukuzwa kazi, na uanachama wangu ukafutwa.

Lakini yote hayo ningeyameza. Sikuweza kumeza msumari. Nilikuwa na magunia sita ndani ya rundo, niliyoyapima Jumanne, stakabadhi ninayo mpaka leo, yote kwa kibao kumi na saba. Mwalimu alikitoa kibao changu mbele ya macho yangu. Hakukigeuza ukutani. Alikifuta vumbi kwa kiganja, akakirudisha msumarini namba ikitazama mbele, na akageuza kizibo cha safu ya pili upande wa bati. Namba ndogo kuliko zote iliyokuwa wazi sasa ilikuwa kumi na saba. Jumatano akaja mtu yuleyule wa Kikole, aliyeondoka siku ile bila kujiunga, akapewa. Mnada ulipolipa, malipo ya magunia yangu sita yalimfuata yeye.

Nilimwendea. Alikuwa anapaua nyumba.

“Ndugu yangu,” aliniambia, msumari mdomoni, “kibao kinasema kumi na saba. Mimi ni Kumi na Saba. Wewe ni nani?”

Nilihamia Lindi. Nilitengeneza simu kwenye baraza la duka la vifaa vya umeme la Mhindi mmoja, akaniuzia kompyuta iliyotumika kwa malipo ya kidogo kidogo. Kiingereza nilikisoma kwa kamusi. Nililipa kwanza ile faini, awamu tatu, sikuchelewesha hata moja, kwa sababu sikutaka wapate la kuongeza. Kisha nikaanza kusoma kiini chenyewe, maandishi yake halisi, ambayo yako wazi kwa yeyote mwenye subira. Mwaka wa pili nilifika kwenye sehemu inayogawa namba. Namba zimepangwa kwa mafungu, na juu ya kila fungu kuna alama ndogo inayosema limejaa au lina nafasi, na juu ya alama hizo kuna alama nyingine, ili kiini kisitafute msumari kwa msumari.

Vizibo. Niliinuka kwenye kiti. Nilimchukia siku ile kuliko siku ya mkutano, kwa sababu niliona ukubwa wa akili iliyonidhulumu.

Mwaka wa nne niliweza kuzisoma zile kumbukumbu za kwenye flashi. Mistari mitatu ilitosha. Stakabadhi, 1127, imekufa. Mizani, 1127, imeanza. Amri: 1127 imeuawa.

Katika miaka hiyo nilimwona mara moja tu, kituo cha mabasi Lindi, akishusha viroba vya nazi kutoka Mchinga, alikohamia kwa binti yake. Aliniona. Alisubiri. Mimi ni mdogo wake kwa miaka ishirini na mitano, na watu walikuwa wanatutazama. Nilimpita bila shikamoo. Nilitembea mpaka sokoni nikiwa na furaha mbaya, na sijaijutia.

Juzi nilikwenda Mchinga na kurasa kumi na moja. Uongozi wa chama umebadilika, na wamekubali taarifa yangu isomwe kwenye mkutano mkuu ikiwa itakuwa na neno la karani wa wakati ule. Ndiyo maana nilikwenda, vinginevyo nisingemfuata.

Alikuwa ameketi kibarazani, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Binti yake alikuwa anakuna nazi ndani. Nilisimama mbele yake bila kusema chochote. Alisikiliza kidogo, akainua uso.

“Marahaba, Kumi na Saba,” alisema.

Aliitikia salamu ambayo sikuitoa.

“Nimeleta karatasi.”

“Soma. Mimi naona kivuli cha mkono wangu tu.”

Nilisoma zote kumi na moja. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika kwenye 1127 alitikisa kichwa polepole kukubali, kama mwalimu afanyavyo mtoto anapopata jibu ubaoni.

“Umejuaje mzunguko ni saa tatu?”

“Nimehesabu.”

“Vizuri.”

“Wewe ulijua lini?”

“Alhamisi ileile, alasiri.”

Alisema hivyo tu. Miaka sita nilikuwa nimejiandalia majibu ya kila namna ya kukana, na hakuna hata moja lililofaa.

“Kwa nini?”

“Kamati ilitaka mtu mmoja. Tulikuwa wawili. Wewe ulikuwa na miaka thelathini na tisa, mimi sitini na nne. Mmoja angeweza kuanza upya. Nilihesabu.”

“Na kibao? Kwa nini hukukigeuza? Magunia yangu yalikuwa ndani!”

Kukuna nazi kulikoma ndani.

“Ningekigeuza,” alisema, “kila mtu angejua bado una haki mle. Wangeuliza haki gani. Wangefika kwangu.”

Nilikuwa nimefikiri nikisikia hayo nitapiga kelele. Badala yake niligeuza ukurasa wa mwisho, kwa sababu ulikuwa haujasomwa, nikasoma uzito wa magunia yangu sita kama ulivyo kwenye stakabadhi: tisini na saba, mia na moja, tisini na tisa, mia na mbili, tisini na nane, mia moja. Jumla kilo mia tano themanini na saba. Mara bei ya mnada ule, shilingi elfu mbili mia nne na kumi kwa kilo. Jumlisha faini, laki tisa.

“Simama hapo,” alisema. “Rudia magunia.”

Nikarudia.

“Mia tano *tisini* na saba. Umejipunja kilo kumi.”

Nilijumlisha. Nikajumlisha tena kwa vidole. Jumla ile nilikuwa nimeiandika kwenye rasimu ya kwanza kabisa, nikiwa na hasira, na miaka yote nilikuwa nainakili tu.

“Lete kalamu. Nyekundu, kama unayo. Niwekee kidole kwenye mstari.”

Niliweka kidole. Alikipapasa, akaweka ncha ya kalamu kando yake, akakata jumla yangu ya kilo na ile ya shilingi na kuandika za kwake, tarakimu kubwa zilizopinda. Kisha chini yake akaandika neno moja, lile aliloandika kwenye madaftari ya watoto maisha yake yote: *Sahihi*. Na jina lake kamili, ambalo sikuwahi kumwona akilitumia.

“Itasomwa mbele ya wote,” nilimwambia. “Jumamosi.”

“Isome polepole. Wa safu za nyuma hawasikii.”

“Themanini bado yuko hai.”

“Ndiyo. Muweke mbele.”

Nilichukua kurasa zangu. Kalamu alikuwa ameshaitia mfukoni, nami nikaiacha. Sikumshukuru, sikumsamehe, na sikumwamkia. Binti yake alinisindikiza mpaka barabarani akitaka kujua mgeni ni nani, nikamwambia amuulize baba yake namba yangu.

Ukurasa wa kumi na moja ninao hapa mezani. Hasara yangu, kwa mwandiko wake mwenyewe, ni shilingi milioni mbili, laki tatu, elfu thelathini na nane, mia saba na sabini.